Tom Mboya: Mwana wa Mitaa ya Mashariki na Deni la Elimu ya Juu

Mgala muue na haki umpe, walinena wahenga. Katika historia ya Kenya ni wachache waliopendwa na kuchukiwa kwa kiasi kimoja kama Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Wapo waliomwona kuwa mtetezi wa makabwela, na wapo waliomwona kuwa wakala wa mabepari wa Magharibi. Hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: mchango wake katika kuwafungulia vijana wa Afrika Mashariki milango ya vyuo vikuu ni mkubwa mno. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuhitimu shahada. Ajabu ya pili ni kwamba mtu huyu aliyevuka bahari kuwaombea vijana masomo ya bure ndiye aliyesimamia, miaka michache baadaye, waraka wa serikali uliopendekeza kwamba anayefaidika na elimu ya juu airejeshee jamii gharama yake. Je, alijipinga? Au ni mwananchi yule yule aliyetazama tatizo moja akiwa amesimama mahali pawili tofauti? Maisha yake yanalijibu swali hilo vyema kuliko nadharia.

Kuzaliwa na Masomo

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika eneo la mashamba makubwa ya mkonge ya walowezi. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria kwenda kutafuta riziki, akaajiriwa shambani humo na hatimaye kupandishwa cheo akawa nyapara. Kwa hiyo, mtoto huyu wa ukoo wa ziwani alilelewa mbali na ziwa, miongoni mwa watoto wa Wakamba na Wakikuyu, akajifunza lugha za majirani zake pamoja na Kiswahili, lugha iliyowaunganisha vibarua wa makabila mbalimbali. Malezi haya yalimfaa sana baadaye alipoingia katika siasa za jiji lisilokuwa na kabila moja.

Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, na masomo yake yalikuwa ya misheni. Alianzia Kabaa, Machakos, akaenda shule ya Mtakatifu Maria ya Yala, kisha mwaka 1946 akajiunga na shule ya Mang'u, mojawapo ya shule chache za upili zilizokuwa wazi kwa Waafrika wakati huo. Hapo Mang'u ndipo safari yake ilipokatika. Leonard Ndiege alikuwa na watoto wengine wa kusomesha na mshahara wake haukutosha. Mwisho wa mwaka 1947 Tom aliacha shule, si kwa uvivu wala kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa karo.

Yafaa kulikumbuka jambo hili kila panapotajwa ubishi wa nani alipie elimu. Katika Kenya ya kikoloni Mwafrika alikuwa mlipa kodi tangu zamani: alitozwa kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, na wengi walilazimika kuyaacha makwao na kwenda kufanya kazi za sulubu ili wapate fedha za kulipia kodi hizo. Lakini hazina ya serikali haikumtumikia kwa usawa. Mwaka 1942 serikali ilifanya elimu kuwa ya lazima kwa watoto wa Kizungu, ilhali mtoto wa Mwafrika aliachiwa misheni na mfuko wa babake. Mboya hakuhitaji kuusoma ukweli huu vitabuni, kwani ulimkuta darasani ukamtoa nje.

Mkaguzi wa Afya Jijini

Mwaka 1948 Mboya aliingia katika Shule ya Jeanes, Kabete, akasomea ukaguzi wa afya. Humo alichaguliwa kuwa kiongozi wa baraza la wanafunzi, nao ulikuwa uongozi wake wa kwanza. Alipohitimu, mwaka 1951, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Nairobi yenyewe ilikuwa imetunukiwa hadhi ya jiji mwaka 1950, lakini ilikuwa jiji lililogawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini penye vilima na bustani. Wahindi walikaa Ngara, Parklands na Eastleigh. Waafrika walisukumwa mashariki, ng'ambo ya reli na mto, katika mitaa iliyoanzia Pumwani na kuenea kadiri miaka ilivyosonga: Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Kaloleni, Makongeni, Bahati, kisha Makadara, Mbotela, Ofafa na Jericho. Vyumba vilikuwa vidogo, vyoo na mabomba ya maji yalikuwa ya pamoja, na mara nyingi mfanyakazi hakuruhusiwa na hali ya mshahara wake kuishi na mke na watoto.

Mboya alikaa Ziwani. Kazi yake ilimfikisha katika masoko, hoteli na makazi ya jiji, akayaona kwa macho mambo ambayo wakubwa wake waliyasoma katika taarifa. Pia alionja ubaguzi kazini. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Kuna kisa kimoja mashuhuri ambacho yeye mwenyewe alikisimulia mara kadhaa. Siku moja mama wa Kizungu alifika ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mboya alikuwa peke yake. Mama yule alizungusha macho, kisha akauliza kama hakukuwa na mtu humo ndani. Kwake, kijana mweusi aliyekuwa mbele yake hakuhesabika kuwa mtu. Kisa hiki kifupi kinaeleza ni kwa nini Mboya aliuthamini ujuzi na vyeti kwa kiasi alichouthamini: alitaka pasiwepo tena kisingizio cha kumfanya Mwafrika asionekane.

Aliwaunganisha watumishi Waafrika wa Baraza, na chama chao kikawa msingi wa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa nchini Kenya. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Mwaka uliofuata chama cha KAU kilipigwa marufuku, viongozi wake wakiwa tayari kizuizini. Siasa ya Mwafrika ikazibwa mdomo. Palipobaki pa kusemea ni katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953 Mboya, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika msako uliojulikana kama Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa kutoka mitaa ya mashariki wakapelekwa vizuizini. Shirikisho lilipoteza viongozi na wanachama wengi, lakini Mboya aliendelea kupaza sauti dhidi ya kamatakamata hiyo. Mwaka 1955 aliingilia kati mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, na wafanyakazi hao wakapata nyongeza nono ya mshahara. Kuanzia hapo jina lake likavuka mipaka ya Nairobi.

Mwaka huo huo wa 1955 alikwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wa tabaka la wafanyakazi. Alisoma kwa ufadhili, na huo ndio uliokuwa mwisho wa masomo yake rasmi. Hakupata shahada, ila alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena: kwamba kijana maskini akifadhiliwa mwaka mmoja tu aweza kurudi kwao akiwa mtu mwingine.

Mwanasiasa wa Mitaa ya Mashariki

Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu, na haki ya kupiga kura iliwekewa masharti ya elimu, mali na mapato, hata wengine wakawa na kura zaidi ya moja. Katika Nairobi Mboya alishindana na C. M. G. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini. Mtu asiye na shahada akamshinda msomi wa sheria. Ushindi huo ulimpa nguvu ya kuunda chama chake cha Nairobi, People's Convention Party, kilichoota mizizi katika mitaa ya mashariki. Majumba ya mikutano ya mitaa hiyo, hasa lile la Kaloleni, yakawa mabunge ya wasio na bunge. Humo Kiswahili ndicho kilichotawala. Mboya alikuwa hodari wa Kiingereza katika majukwaa ya London na New York, lakini kilichomfikisha huko ni uwezo wake wa kuzungumza na fundi wa reli, mchuuzi wa Gikomba na mpishi wa nyumba za Wazungu kwa lugha ambayo kila mmoja wao aliielewa bila mkalimani. Huo ni ushahidi wa mapema kwamba siasa ya taifa haingeweza kujengwa Kenya bila Kiswahili.

Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Watu wa Afrika Yote mjini Accra chini ya uenyeji wa Kwame Nkrumah. Katika uchaguzi wa 1961 aligombea Nairobi Mashariki dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki. Wapo waliotabiri kuwa ukabila ungemwangusha kwa kuwa wapigakura wengi hawakuwa Wajaluo. Alipata kura zaidi ya 31,000 huku mpinzani wake akipata chini ya 3,000.

Ndege za Elimu

Uhuru ulipokuwa ukinukia, swali moja lilimsumbua Mboya: nani angeziendesha ofisi za serikali siku Mwingereza atakapoondoka? Katika Afrika Mashariki nzima, Makerere ndicho chuo pekee kilichotoa shahada kwa miaka mingi. Chuo cha Ufundi cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, lakini hakikuwa bado na hadhi ya chuo kikuu. Vijana waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi, na wazazi wao, waliolipa kodi miaka yote, hawakuwa na chuo cha kuwapeleka. Serikali ya kikoloni haikuonyesha haraka.

Mboya alitazama Marekani. Alikuwa amezuru nchi hiyo mwaka 1956 na kujenga urafiki na viongozi wa wafanyakazi, wanaharakati wa haki za Wamarekani weusi na mfanyabiashara kijana William Scheinman. Mnamo mwaka 1959 alirudi huko, akahutubia mikutano mingi, akakutana na Martin Luther King, na kuviomba vyuo vitoe nafasi za masomo bila malipo. Nafasi zikapatikana. Tatizo likawa nauli, kwa sababu mzazi aliyeweza kuuza ng'ombe wawili hakuweza kununua tiketi ya ndege ya kwenda New York. Wakfu wa wanafunzi ukaundwa huko Marekani, na watu maarufu, wakiwemo mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, wakatia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba 1959 ndege iliyokodishwa iliwasili New York ikiwa na wanafunzi 81.

Upande wa pili wa hadithi hii husahaulika. Ndege ililipiwa na Wamarekani, na masomo yalifadhiliwa na vyuo, lakini mwanafunzi alihitaji fedha za matumizi. Fedha hizo zilichangwa nyumbani. Karamu za chai na dansi ziliandaliwa, wanakijiji walichanga shilingi mojamoja, na jamaa waliuza mifugo na mashamba. Mboya, akisaidiana na Dkt. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, walichambua maombi yaliyomiminika. Kila aliyepanda ndege ile alikuwa amebebwa mgongoni na watu wengi ambao wao wenyewe hawakuwahi kuiona ndege kwa karibu.

Maafisa wa Kiingereza walipinga mpango huo. Walidai kwamba baadhi ya vyuo vya Marekani vilikuwa hafifu, na kwamba wanafunzi wengine hawakuwa na alama za kutosha. Haikosi kwamba palikuwa na wanafunzi waliopata taabu huko, wakakosa fedha za chakula na mavazi ya baridi. Lakini hoja ya Mboya ilikuwa nyepesi kueleweka: mwenye njaa haulizi ubora wa sahani. Mwaka 1960 mpango ulikaribia kukwama kwa ukosefu wa nauli. Tarehe 26 Julai Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na ndege zikaendelea kuruka. Kufikia mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamefaidika. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa kundi la 1960, akasomea Kansas, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Pamela Odede, ambaye Mboya alimwoa Januari 1962, naye alisomea Ohio kupitia mpango huo.

Mboya hakuwa peke yake katika kazi hii. Oginga Odinga, mpinzani wake mkubwa, aliwapeleka vijana wengine katika nchi za Kisovieti na Ulaya ya Mashariki. Hivyo, kizazi cha kwanza cha wasomi wa Kenya huru kilisomeshwa kwa sehemu kubwa na ushindani wa mataifa makubwa. Haikuwa kodi ya Mkenya iliyowalipia. Ulikuwa msaada wenye kamba, nayo kamba hiyo ilionekana baadaye, wasomi wa pande hizo mbili walipokutana katika ofisi moja wakitazamana kwa shaka.

Waraka wa 1965

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa KANU, alishika wizara ya haki na katiba, kisha Desemba 1964 akawa waziri wa mipango na maendeleo ya uchumi. Hapo ndipo mwombaji alipogeuka kuwa mtunza ghala. Ilani ya KANU ya 1963 ilikuwa imewaahidi wananchi elimu ya bure ya angalau miaka saba. Wazazi wa Kaloleni na Rusinga waliisubiri ahadi hiyo. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na jinsi utakavyotumika katika mipango ya Kenya. Mboya ndiye aliyekuwa mtetezi wake mkuu.

Kuhusu huduma za bure, waraka ulikiri kwamba ndilo lengo, lakini ukashikilia kwamba kuzianzisha zote papo hapo kungeifilisi nchi na kuzuia ukuaji wa uchumi kwa vizazi. Kuhusu elimu ya upili, ya ufundi na ya chuo kikuu, waraka ulipendekeza njia ya kuifanya ijilipie yenyewe: mwanafunzi asiyejiweza akopeshwe, kisha arejeshe mkopo huo kutokana na mshahara ambao elimu yenyewe ingempatia. Mantiki yake ilikuwa hii. Fedha za hazina hutoka kwa wengi, wakiwemo hamali na mkulima ambaye mwanawe hatafika hata darasa la nane. Wanaoingia chuo kikuu ni wachache mno, na wakitoka watalipwa mara nyingi zaidi ya hamali huyo. Kumtoza hamali ili kumsomesha wakili, na baadaye wakili amtoze hamali ada ya kesi, ni kumkama ng'ombe yule yule mara mbili.

Hoja hiyo ilipata wapinzani. Cha kustaajabisha ni kwamba mmoja wao alikuwa kijana ambaye Mboya mwenyewe alikuwa amemsaidia alipokwenda kusoma Hawaii mwaka 1959. Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, alichapisha uhakiki mkali wa waraka huo katika jarida la East Africa Journal mwezi Julai 1965. Alihoji kama ujamaa unaoacha mali mikononi mwa wachache na wageni ni ujamaa wa kweli, na akasema kuwa kodi kwa wenye mapato makubwa yaweza kupandishwa sana mradi wananchi warudishiwe manufaa yanayolingana nayo. Kwa mtazamo huo, tatizo halikuwa kwamba hamali anamlipia wakili, bali kwamba tajiri halipi anachopaswa kulipa. Tofauti hiyo haikuvunja uhusiano wao. Kuna somo hapa kwa wanataaluma: mfadhili si mungu, na aliyesomeshwa ana wajibu wa kufikiri, hata kama fikira zake zitampinga aliyemsomesha.

Katika nchi jirani ya Tanzania swali lile lile lilichukua sura nyingine. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara katika kipindi hicho. Mwalimu Julius Nyerere aliwafukuza mamia kati yao, na papo hapo akapunguza mshahara wake na wa viongozi wengine. Nyerere alitaka msomi alipe deni kwa jasho. Waraka wa Nairobi ulitaka alipe kwa fedha. Pamoja na tofauti zao za itikadi, viongozi hao wawili waliafikiana kwamba deni lipo.

Kifo

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba mchana, Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo leo huitwa Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa, lakini swali la nani alimtuma halijapata jibu lililowaridhisha wananchi. Obama alikuwa miongoni mwa watu waliomwona Mboya dakika chache kabla ya kifo, naye akatoa ushahidi mahakamani. Misa ya wafu katika kanisa la Familia Takatifu iligeuka vurugu na mabomu ya machozi. Mwili ulipelekwa Rusinga, ukazikwa katika kisiwa ambacho baba yake alikiacha ili kutafuta karo na kodi.

Deni Lililobaki

Mboya hakuishi kuona pendekezo lake likitekelezwa. Kwa miaka ya mwanzo serikali iliwalipia wanafunzi wa chuo kikuu masomo, malazi na chakula. Mwaka wa masomo wa 1974/75 ndipo mpango wa mikopo ulipoanza. Wengi waliokopeshwa hawakulipa, na serikali haikuwa na chombo thabiti cha kuwadai. Katika mwaka 1991 mfumo wa kugawana gharama uliingia vyuoni, ukaondoa fedha za matumizi ambazo wanafunzi walizibatiza jina la bumu, na migomo ikazuka. Mwaka 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo sambamba ya kujilipia, na mwenye fedha akapata nafasi ambayo maskini mwenye alama bora kidogo aliikosa. Ahadi ya 1963 nayo ilichukua miaka 40: elimu ya msingi ilifanywa ya bure mwaka 2003, na karo ya masomo katika shule za upili za kutwa ikafidiwa na serikali kuanzia 2008.

Mwaka 2023 ulikuja mfumo mpya uliomgawia kila mwanafunzi ruzuku, mkopo na mchango wa familia kulingana na hali yake. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa kuhusu jinsi umaskini unavyopimwa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kuwa mfumo huo unakiuka katiba. Serikali ilikata rufaa. Ubishi, basi, ungali palepale ulipoachwa na waraka wa 1965 na uhakiki wa Obama.

Ukiyapima maisha ya Mboya, utaona kwamba hakujipinga kama inavyodaiwa. Alipowaombea vijana masomo ya bure, nchi haikuwa na wasomi, na kila mmoja aliyesomeshwa alikuwa hazina ya wote. Alipopendekeza mkopo, alidhani kwamba kila anayehitimu atapata kazi na mshahara mnono. Dhana hiyo ilikuwa kweli mwaka 1965. Leo mhitimu anaweza kukaa miaka kadhaa katika chumba cha kupanga Umoja au Kayole, akitembeza vyeti mchana na kuuza maji usiku, huku deni likiongezeka riba. Mkopo unaotegemea mshahara hauna mguu mahali ambapo mshahara haupo. Hapa ndipo hoja ya Mboya inapopwaya, na hapa ndipo wanaomnukuu kutetea ada wanapomdhulumu, kwa kuwa wanachukua hitimisho lake na kuyaacha mazingira yake.

Kwa upande mwingine, wanaodai kila kitu kiwe cha bure hawana budi kumtazama usoni hamali wa Gikomba anayelipa kodi katika bidhaa nyingi anazonunua. Akiuliza anapata nini kutokana na shahada ya mwingine, ni lazima apate jibu lenye maana: daktari atakayemtibu, mwalimu atakayemfunza mwanawe, na nafasi ya kweli, si ya kinadharia, kwamba mwanawe naye ataingia chuoni. Bila jibu hilo elimu ya bure hugeuka kuwa zawadi ya wengi kwa wachache. Penye jibu hilo, huwa akiba ya taifa.

Leo sanamu ya Mboya imesimama Moi Avenue, hatua chache kutoka mahali alipoangukia, na mtaa ulio karibu unaitwa kwa jina lake, kama kinavyoitwa chuo kikuu kilichoko Homa Bay. Kila siku vijana kutoka mitaa ya mashariki hupita hapo wakienda darasani au kutafuta kazi. Wengi hawajui kwamba mtu yule wa shaba aliacha shule kwa kukosa karo. Wakilijua hilo, watajua pia kwamba karo iliyokosekana Mang'u mwaka 1947 haikuwa hasara ya Leonard Ndiege peke yake, na kwamba mtoto anayefungiwa nje ya lango la chuo leo hawezi kuitwa hasara ya mzazi wake tu.